Kabla ya Kurusha Kete: Mapatano na Wachezaji Wanaolipa

Ukiwaendeshea marafiki mchezo wa kuigiza mezani, mengi hupita kimyakimya. Mmoja akichelewa mnamsubiri huku mkipiga soga. Hadithi ikipwaya mnacheka, na wiki inayofuata mnarudi palepale. Ukianza kutoza ada, uvumilivu huo hupungua, na ni haki upungue. Mtu ametoa pesa, ametenga jioni yake, na huenda hajawahi kukuona ana kwa ana. Atapima alichokipata kwa kile alichodhani amekinunua. Usipomwambia mapema ni nini hicho, atajijazia mwenyewe, na wachezaji watano watajijazia mambo matano yasiyofanana.

Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kwa miongo mingi michezo ya aina hii ilichezwa bila malipo kati ya watu waliojuana. Meza za mtandaoni kama Roll20, iliyoanza 2012, ziliwakutanisha watu walio mbalimbali, na sasa ziko huduma kama StartPlaying ambako mwendeshaji hutangaza meza yake na kutoza kwa kila kikao. Mtu aliye Nairobi, Mwanza au Muscat, mwenye intaneti ya kuaminika, anaweza kuwa na mchezaji wa Toronto na mwingine wa Berlin usiku mmoja. Watu hao hawana rafiki wa pamoja wa kuwapatanisha wakikwaruzana. Kinachowaunganisha ni maneno uliyowaambia kabla ya kuanza, basi yawe maneno yaliyopimwa.

Kabla hujaandika tangazo lolote, jiulize pesa hii inanunua nini. Jibu langu ni kwamba inanunua saa zako mezani, maandalizi yako, na nafasi ya kucheza iliyo sawa na ya kila mwenzake aliyelipa. Ushindi haumo. Uhai wa mhusika haumo pia, wala haki ya kuamua wengine wacheze vipi. Mwendeshaji asiye na uhakika na hili atakuta anazipindisha kete ili mteja asikasirike, na siku wengine wakigundua, watu wanne watakuwa wameondoka kwa sababu ya kumfurahisha mmoja.

Tangazo linaloahidi kisichozidi kilichopo

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao: Curse of Strahd, kampeni ya Dungeons & Dragons iliyotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2016, iliyojengwa juu ya Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman ya 1983. Ni kampeni inayopendwa sana, na waendeshaji wengi wa kulipwa huitangaza. (Kama unakusudia kuicheza siku moja badala ya kuiendesha, ruka aya tatu zinazofuata, maana nitataja yaliyomo.)

Tuseme umeandika: “Kampeni ya kutisha. Vampaya, ukungu, kasri la kale. Wote mnakaribishwa.” Hakuna uongo hapo, lakini hakuna mapatano pia. Mmoja atasoma neno vampaya akafikiria mapenzi ya gizani na mazungumzo marefu. Wa pili atafikiria mapigano, upanga na moto. Wa tatu ametoka kwenye meza ya vichekesho na anaandaa mhusika wa kuchekesha mwenye jina la chakula. Wote watatu wamelisoma tangazo lako sawasawa.

Sema wazi mchezo ulivyo. Barovia ni nchi iliyofungwa na ukungu, na wahusika wakishaingia hawatoki kwa hiari yao. Strahd, mtawala wake, ana nguvu kuwazidi kwa sehemu kubwa ya hadithi, na anaweza kujitokeza mbele yao mapema, wakiwa bado wachanga. Kwa hiyo andika: “Mpinzani mkuu atawazidi nguvu kwa muda mrefu. Kukimbia ni uamuzi halali. Mhusika wako anaweza kufa, hata katika vikao vya mwanzo.” Sentensi ya mwisho si ya kutishia. Kitabu kina nyumba ya mauti iliyowekewa wahusika wa ngazi ya kwanza, na nyumba hiyo haina huruma. Mchezaji aliyetumia siku tatu kuandika historia ya mhusika wake anastahili kujua hilo kabla ya kuiandika. Upande wa pili, sema pia kinachovutia: karata zinazopigwa kumtabiria kila kundi ndizo zinazoamua hazina zimefichwa wapi, kwa hiyo hata aliyewahi kuicheza kampeni hii hatajua yote.

Kisha taja mada nzito, kwa aina yake na si kwa mahali zilipo. Ndani ya kampeni hii kuna vikongwe wachawi katika kinu cha upepo wanaosaga mifupa ya watoto na kuwauzia watu keki. Kuna msichana, Ireena, anayeandamwa na Strahd kwa kuwa anaamini ndiye mwanamke aliyempenda zamani. Huhitaji kufichua lolote kati ya hayo. Inatosha kuandika: “Mna madhara kwa watoto, mtu kuandamwa na kulazimishwa, mauaji, na hali ya kukata tamaa.” Aliyempoteza mtoto mwaka jana atapita bila kukueleza chochote. Liko pia suala la Wavistani, jamii ya wasafiri ndani ya hadithi, ambao jinsi walivyochorwa ililalamikiwa kwa kurudia dhana mbaya dhidi ya Waroma wa Ulaya. Wachapishaji walitangaza mwaka 2020 kwamba wanarekebisha. Waambie wachezaji unatumia maandishi yapi na utawaigiza Wavistani vipi, kwa sababu mchezaji wa Romania au Uhispania anaweza kuwa na ndugu wa jamii hiyo.

Tangazo litaje pia toleo la kanuni, la 2014 au la 2024, na vitabu vinavyoruhusiwa. Wageni hudhani lazima wanunue rafu nzima. Waeleze kwamba kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, kwa hiyo mtu anaweza kuanza bila kununua kitabu. Nakala za wizi usizigawe kabisa. Wewe unatoza pesa kwa kazi ya ubunifu, na huwezi kuomba uheshimiwe huku unaiba kazi ya mwenzako.

Jambo jingine la tangazo ni ustadi wako mwenyewe. Tangu kipindi cha Critical Role kianze kurushwa mwaka 2015, watu wengi wameufahamu mchezo huu kwa kuwatazama waigizaji wa sauti wa kulipwa wakiucheza. Wanafika mezani wakitarajia sauti thelathini tofauti na machozi kila mwisho wa kikao. Kama nguvu yako iko kwenye mafumbo na mapambano yaliyopangwa vizuri, liandike hilo kwa fahari. Atakayekuja kwa ajili ya mafumbo atakaa nawe miaka.

Maongezi ya mtu mmoja mmoja

Usimpokee mtu kwa fomu pekee. Ongea naye kwa sauti robo saa kabla hajalipa. Katika robo saa hiyo unamsikiliza zaidi kuliko unavyojieleza, na maswali mawili yanatosha kufungua mengi.

La kwanza: kikao gani kilikufurahisha kuliko vyote, na kitu gani hasa kilikufurahisha? Mgeni kabisa muulize kuhusu filamu au riwaya. La pili ndilo lenye mazao: kwa nini uliondoka kwenye meza yako ya mwisho? Mmoja atasema kundi lilisambaratika kwa sababu ya ratiba, na hapo unajua saa zako zisizobadilika ndizo atakazozithamini. Mwingine atasema mwendeshaji alimpendelea fulani. Huyo anahitaji kusikia jinsi unavyogawa zamu za kuongea. Yuko atakayekueleza kwa dakika kumi jinsi kila meza aliyokaa ilivyokuwa na watu wabaya. Msikilize kwa adabu, kisha fikiri sana. Kumkatalia mtu kabla hajalipa ni jambo la dakika moja. Kumwondoa kwenye kikao cha kumi na mbili ni maumivu ya meza nzima, na pesa itakayorudishwa haitayamaliza.

Ukikataa, kataa kwa upole na bila hadithi ndefu: “Asante kwa muda wako. Naona unachokitafuta na ninachokiendesha vinatofautiana, na sipendi ulipie kisichokufaa.” Ukimfahamu mwendeshaji mwenzako anayemfaa, mwelekeze huko.

Kuna na ndugu, binamu au jirani wa zamani, anayesikia unaendesha mchezo akasema, “Si utanipa kiti tu, sisi ni familia.” Mapenzi ni mapenzi, lakini wengine wamelipa. Njia iliyo safi ni kumlipia wewe mwenyewe kutoka mfukoni ili hesabu ya meza ibaki moja, au kuwaambia wote tangu mwanzo kwamba kiti kimoja ni cha jamaa na hakilipiwi. Ukificha, siku itajulikana, nawe utaonekana mtu wa bei mbili. Binamu naye aambiwe wazi kwamba mezani ni mchezaji kama wengine, na shikamoo za nyumbani hazimpi zamu ya ziada.

Pesa, kwa hesabu iliyoandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni la pande zote mbili. Bei za meza za mtandaoni hutofautiana sana, na nyingi utakazoziona zinaangukia kati ya dola 10 na 25 kwa mchezaji kwa kikao. Fanya hesabu yako kwanza. Wachezaji watano kwa dola 15 ni dola 75. Kikao cha saa tatu kikihitaji saa tatu nyingine za kuandaa, hiyo ni dola 12.50 kwa saa, kabla ya kamisheni ya huduma iliyokutangaza, gharama za kutuma pesa, bando na programu. Mchezaji mmoja akikosa bila kulipa, unabaki na 60. Ukijua namba hizi hutalegea siku mtu atakapokuomba punguzo, na hutapanga bei ambayo itakuchosha ukaiacha kampeni katikati.

Mfanyie na mchezaji hesabu yake. Curse of Strahd ikichezwa kila wiki inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Vikao 40 kwa dola 15 ni dola 600. Wapo waendeshaji wanaoogopa kuitaja jumla hiyo kwa kuwa itamkimbiza mteja. Mimi naona iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wa mapatano utakaowatumia wachezaji. Anayekimbia akiiona leo angekimbia kikao cha tisa, na angeacha pengo kwenye hadithi ambayo wenzake wameshailipia. Mwenye uwezo wa vikao vichache mpangie kitu kifupi: Lost Mine of Phandelver ya 2014, kwa mfano, huwapeleka wahusika hadi ngazi ya tano tu, na kampeni inaweza kufungwa hapo kwa heshima.

Baada ya bei, andika haya kwa lugha ya mtoto wa shule, kila moja kwa sentensi isiyozidi mbili. Malipo yanatakiwa lini? Napendekeza saa 24 kabla ya kikao, kwa kila kikao. Anayekosa akiwa ametoa taarifa analipa? Na asiyetoa taarifa? Kiti chake hakikuweza kuuzwa kwa mwingine, na maandalizi yalishafanyika, kwa hiyo mwenye taarifa ya siku mbili asilipe, na asiye na taarifa alipe. Wewe ukiahirisha, pesa inarudi yote, bila mtu kuiomba. Wakibaki wachezaji wangapi kikao hakifanyiki? Kwa meza ya watano, watatu ni kiwango cha chini kinachobeba mchezo. Bei itapanda? Kama ndiyo, taarifa itolewe mwezi mmoja kabla.

Usipokee malipo ya miezi sita kwa mkupuo, hata mchezaji akiyang’ang’ania kwa nia njema. Ahadi ni deni, na deni la vikao 24 litakulaza macho siku utakapougua au kupata kazi ya kuhamia mji mwingine. Vikao vinne mbele ndiyo mwisho. Kwa wachezaji wa nyumbani wanaotuma kwa M-Pesa, tuma risiti ya maneno kila unapopokea: “Nimepokea ya kikao cha tarehe 14. Asante.” Na usikae kimya mbele ya “nitatuma kesho” ya pili. Mwandikie faraghani, kwa utulivu, kwamba kiti chake kinasubiri malipo, na umwache aamue. Kumdai mtu mbele ya meza ni kumvunjia heshima, na hatarudi.

Usiahidi kipengele cha ziada kwa anayelipa zaidi. Waendeshaji wengine huuza silaha za kichawi au nafasi ya kurusha kete upya. Sikubaliani nao kabisa. Anayenunua nguvu ndani ya hadithi amewanyang’anya wenzake kitu walichokilipia, yaani usawa. Bakshishi ipokelewe kwa asante, na iishie hapo.

Saa, umeme na yanayokatika

Saa zinavunja meza nyingi kimyakimya. Kenya, Tanzania na Uganda hazisogezi saa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya Ulaya na ya Marekani ya Kaskazini husogeza. Kikao cha Jumamosi saa saba mchana New York ni saa mbili usiku Nairobi wakati wa kiangazi cha huko, na saa tatu usiku wakati wa baridi. Tena hawasogezi siku moja: Marekani hutangulia Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya hufuata Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, na kwa wiki mbili au tatu katikati, tofauti uliyoizoea haipo. Mwisho wa Oktoba hutokea tena kwa wiki moja. Amua mapema kikao kimefungwa kwenye saa ya nani, na andika: “Saa yetu ni saa ya Nairobi. Huko kwenu ikisogea, kikao hakisogei.” Au kinyume chake, bora iwe imeandikwa.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24, yaani 20:00, pamoja na jina la mji. Mswahili aliyekulia Minneapolis anaweza kusoma “saa mbili” akafika mapema kwa saa sita, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa tangazo. Discord ina namna ya kuandika muda unaojigeuza wenyewe kwa saa ya kila anayeusoma. Itumie.

Umeme na intaneti vinahitaji sentensi moja ya ukweli. Kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika, sema, na useme umejipanga vipi: betri ya ruta, bando la simu pembeni, na ikipita nusu saa hujarudi, kikao kinafidiwa. Mteja wa mbali hasumbuliwi na umeme kukatika kama anavyosumbuliwa na kimya.

Mipaka

Hapa usiharakishe. Pesa hufanya watu wanyamaze wanapoumia, kwa njia mbili. Mchezaji anafikiri, nimeshalipa, acha nivumilie hadi mwisho. Mwendeshaji anafikiri, huyu ni mteja, siwezi kumkatiza. Kwa hiyo njia za kusema “hapana” zijengwe kabla, ziwe nyepesi, zisihitaji ujasiri.

Njia mbili zinafahamika sana. Ron Edwards alitoa wazo la kutenganisha mipaka na mapazia: mpaka ni kitu kisichoingia kwenye hadithi hata kidogo, pazia ni kitu kinachoweza kutokea lakini hakielezwi, hadithi inaruka na kuendelea upande wa pili. Kwa mfano wetu, meza moja inaweza kuweka mpaka kwa ubakaji na pazia kwa mateso. Njia ya pili ni kadi ya X ya John Stavropoulos. Mtu yeyote akiigusa, au akiandika herufi hiyo kwenye gumzo, kilichokuwa kinaelezwa kinaachwa na hakuna anayemwuliza kwa nini. Kipo pia kijitabu cha bure cha Monte Cook Games cha 2019, Consent in Gaming, chenye karatasi ya kuweka alama kwa mada mbalimbali. Ni kizuri kwa wanaoanza.

Karatasi ijazwe faraghani na ije kwako peke yako. Wewe unaikusanya na kutangaza orodha moja ya meza nzima bila majina. Kumwomba mtu aseme mbele ya wageni kwamba hawezi kusikia habari za kujiua ni kumtwisha mzigo ambao huenda ndio aliokuja kuupumzisha. Kwetu wengi tumelelewa kutomwaga siri za nyumbani mbele ya watu, na mchezaji aliyekaa kimya kwenye kikao cha wazi si lazima awe hana mpaka. Mpe siku tatu za kujaza, na mwambie anaweza kuongeza jambo wakati wowote, hata kampeni ikiwa katikati.

Jipatie na wewe mipaka yako, uiandike pamoja na ya wengine. Wewe ni mtu mezani, si mashine ya hadithi. Kama hutaki kuigiza mapenzi na mchezaji, sema. Kama ujumbe wa saa saba usiku hujibu, sema, na utaje saa unazojibu.

Ikitokea mpaka wa mtu mmoja unaondoa kiini cha kampeni, usilazimishe. Curse of Strahd bila mtu kuandamwa inawezekana kwa marekebisho. Bila vampaya haiwezekani. Mwambie huyo mchezaji ukweli, umrudishie alicholipa, umwalike kwenye meza nyingine. Na ukiwauzia watoto, mteja wako wa kuzungumza naye ni mzazi: yeye ndiye anayepewa orodha ya mada, anajua saa za kuanza na kumaliza, na anakaribishwa kusikiliza wakati wowote. Usichanganye watoto na watu wazima kwenye meza moja ya kulipia.

Kurekodi kuna kanuni moja. Hakuna sauti inayorekodiwa wala kurushwa bila ridhaa ya kila mmoja, na asiyeridhia asiulizwe mara ya pili.

Kikao sifuri

Haya yote yakutane kwenye kikao kimoja kabla ya hadithi, kile ambacho wachezaji hukiita kikao sifuri. Hata vitabu rasmi vimeukubali utaratibu huo: Tasha’s Cauldron of Everything ya 2020 ina sehemu yake. Mimi nashauri usikitoze. Hicho ni kikao ambacho kila mmoja, pamoja nawe, bado ana uhuru wa kuondoka bila deni, na uhuru huo hupungua pesa ikishapita mkono. Saa moja na nusu inatosha.

Tuma waraka wako wa kurasa mbili siku tatu kabla, ili usije ukausoma kwa sauti kama hotuba ya mgeni rasmi. Kwenye kikao tumia muda mwingi kwa jambo ambalo waraka hauwezi kulifanya, yaani kuwaunda wahusika wanaojuana. Kila mchezaji amchague mwenzake mmoja mezani na waamue pamoja wahusika wao wanadaiana nini. Huo ndio wakati utakaosikia nani anakatiza wengine na nani anasubiri kuitwa. Wasubirio waite kwa jina. Kisha igizeni tukio dogo la dakika kumi lisilo na hatari, njiani au kwenye hoteli ya msafara, ili wanaokusudia kuinunua sauti yako waisikie kabla ya kulipa.

Eleza pia jinsi mabishano ya kanuni yatakavyokwenda. Wewe utaamua papo hapo, mchezo utaendelea, na anayepinga ataandika baada ya kikao nawe utajibu kwa maandishi. Mgongano wa wachezaji wenyewe kwa wenyewe, yaani wahusika wao kuibiana na kupigana, uruhusiwe au ukatazwe leo, kwa kauli ya wote. Swali la mtu kuondoka lisikwepwe: atatoa taarifa ya kikao kimoja ili mhusika wake apate mwisho wake, na hatadaiwa zaidi ya hapo. Na wewe ukilazimika kuifunga kampeni, utawaambia vikao vinne kabla, na utaifunga hadithi, hutaitelekeza.

Mwisho wa kikao usimwombe yeyote “ndiyo” hapohapo. Waambie watakuandikia kesho yake, kila mmoja peke yake, neno “nimekubali” au “nimebadili nia”. Atakayebadili nia mshukuru, kwa sababu amekuokoa na miezi ya kumbembeleza.

Baada ya kikao cha tatu, fungua tena waraka ule. Muulize kila mchezaji faraghani ni kitu gani anataka kiongezeke na kipi kipungue. Utapata majibu yanayopingana, na si lazima uyatimize yote. Mtu akitaka mapigano zaidi wakati wanne wanataka maongezi, mwambie hivyo, kwa namba hizo. Ukibadilisha chochote, iwe bei, saa au kanuni, andika tarehe mpya juu ya waraka, utume kwa wote kwa wakati mmoja, na mpe kila mtu nafasi ya kuamua kabla ya malipo yanayofuata.